Mauaji au kuua bila kukusudia? Ulinganisho kwa familia iliyofikwa na kesi Dar es Salaam

Ndugu yako akifikishwa mahakamani kwa sababu mtu amekufa, kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka ndilo linaloamua mengi kuanzia siku hiyo. Likiwa mauaji, hakuna dhamana, na akitiwa hatiani jaji ana adhabu moja tu ya kutamka: kunyongwa hadi kufa. Likiwa kuua bila kukusudia, dhamana inaombeka, na adhabu inaweza kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi kifungo cha maisha. Maiti ni moja, msiba ni mmoja, lakini njia ni mbili zilizoachana mbali.

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa jijini, na wanaonijia wengi ni mama, mke au kaka wa mtuhumiwa. Swali lao la kwanza huwa "atatoka lini?" Mimi huanzia kwingine. Siku ile alikuwa ameshika nini? Alimpiga wapi, mara ngapi? Alisema nini kabla na baada? Alikimbia, au alimbeba majeruhi kumpeleka hospitali? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayomweka mtu upande mmoja au mwingine wa sheria, na yasipoandikwa mapema yanapotea.

Kisutu ni mwanzo tu

Kesi nyingi za katikati ya jiji huanzia Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, nyingine Kinondoni, Ilala au Temeke, kutegemea tukio lilitokea wapi. Hati inasomwa, kisha hakimu anamwambia mshtakiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Kesi inaahirishwa, karandinga inarudi gereza la Keko au Segerea.

Nimemkuta mama mmoja kwenye korido akilia, amejifunika kanga usoni, akisema mwanawe "amegoma kujitetea". Hakugoma. Shauri la mauaji, na la kuua bila kukusudia pia, husikilizwa na Mahakama Kuu, au na hakimu aliyeongezewa mamlaka. Huko Kisutu kesi inatajwa tu. Kwa hiyo usihesabu ukimya wa siku hiyo kuwa kushindwa, wala usimlaumu wakili kwa kutosimama kuhoji mashahidi ambao bado hawajaitwa.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba hati ya mwanzo inaweza kubadilika. Wengi wa rika langu wanakumbuka kesi iliyofuata kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki nyumbani kwake Sinza Aprili 2012. Mshtakiwa alifikishwa Kisutu kwa shtaka la mauaji, akakaa mahabusu bila dhamana. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na mwanzoni mwa 2013 akapata dhamana. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa hilo la pili na kumpa kifungo cha miaka miwili. Ni tukio lile lile, na umbali kati ya kitanzi na miaka miwili ulitokana na namna kosa lilivyotajwa na kuthibitishwa.

Mstari unapopita

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema hivi kwa maneno ya kawaida. Kifungu cha 195: anayesababisha kifo cha mwenzake kwa tendo lisilo halali, au kwa kuacha kutenda alichopaswa kutenda, ana kosa la kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196: akifanya hayo hayo akiwa na nia ovu, ni mauaji. Kitu kimoja tu kimeongezwa, nia ovu, na tafsiri yake iko kifungu cha 200.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani nia ovu maana yake ni kupanga kuua: kununua kisu jana, kumvizia mtu leo. Kupanga kunaingia, lakini sheria imekwenda mbali zaidi. Ukiwa na nia ya kumsababishia mtu madhara makubwa mwilini, halafu akafa, hiyo tayari ni nia ovu. Ukijua kwamba unachofanya kina uwezekano mkubwa wa kuua au kuleta madhara makubwa, na ukafanya hivyo hivyo bila kujali, ni nia ovu. Ukiwa unatenda kosa jingine ambalo adhabu yake inazidi miaka mitatu, kwa mfano unyang'anyi, na mtu akafa katika kulitenda, ni nia ovu. Na ukiwa unamsaidia mhalifu kutoroka mikononi mwa dola, vilevile.

Sasa fikiria sentensi ninayoisikia mara kwa mara: "Sikutaka afe, nilitaka nimkomeshe tu, nimvunje miguu." Msemaji anadhani anajitetea. Kisheria amekwisha kukiri nia ya madhara makubwa, na nia hiyo inatosha kwa mauaji. Maneno kama hayo yakiingia kwenye maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa pale kituoni, wakili atakayekuja baadaye atapata kazi ngumu mno. Kwa hiyo naomba hili lieleweke kwa kila nyumba: mtuhumiwa ana haki ya kukaa kimya, ana haki ya kutaka wakili, ndugu au rafiki awepo wakati anaandika maelezo, na polisi wana saa nne za kumhoji tangu walipomshika, isipokuwa muda umeongezwa kwa taratibu za sheria. Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa wa mahakama anayeandika maelezo ya mtuhumiwa nje ya kituo cha polisi, aseme ukweli wake kwa utulivu, na kama alipigwa kituoni aonyeshe majeraha hapo hapo.

Pia hakuna pona katika "sikumkusudia yeye". Ukimrushia jirani yako shoka ukamkosa, likampata dada yake, nia uliyokuwa nayo kwa jirani inakufuata kwa dada.

Jaji anaisomaje nia

Hakuna anayeweza kufungua kichwa cha mtu akaona alichowaza. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Enock Kipela namba 150 ya mwaka 1994, ilitaja mambo ambayo majaji wanayapima hadi leo: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla, wakati au baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada. Jaji si lazima aone yote saba. Huyapima kwa pamoja.

Tuweke matukio mawili kando kwa kando. Yote ni ya kufikirika, yote yametokea kwenye baa moja ya Manzese, usiku wa Jumamosi, kwa ugomvi wa shilingi 5,000.

Katika la kwanza, vijana wawili wanasukumana. Mmoja anampiga mwenzake ngumi ya shavu. Aliyepigwa anateleza, kisogo kinagonga ukingo wa mtaro wa zege, anapoteza fahamu. Aliyempiga anashika kichwa, anaita bodaboda, wanampakiza majeruhi katikati na kukimbilia hospitali ya Mwananyamala. Alfajiri anafariki. Hapa silaha ni ngumi, pigo ni moja, hakuna neno la vitisho, na mwenendo wa baadaye ni wa mtu aliyeshtuka. Tendo si halali, kwa kuwa huna ruhusa ya kumpiga mtu ngumi, lakini nia ovu haionekani. Hiyo ni kuua bila kukusudia, na mara nyingi ya daraja la chini.

Katika la pili, baada ya kusukumana, mmoja anatoka nje. Jirani kuna bucha. Anachukua kisu cha kuchinjia, anarudi ndani akisema "leo ndiyo mwisho wako", anamchoma mwenzake kifuani, kisha tena tumboni. Anatupa kisu mtaroni, anazima simu, siku kadhaa baadaye anakamatwa Mkuranga. Hapo karibu kila kipimo cha Kipela kimeelekea upande mmoja, na mwenye duka la bucha atakuwa shahidi mzuri sana wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Kati ya hayo mawili kuna matukio mengi ya katikati: chupa iliyovunjwa wakati wa vurugu, kigoda kilichorushwa, kisu kilichokuwa mezani kwa ajili ya kukatia nyama choma. Mahakama ya Rufani imeamua zaidi ya mara moja kwamba kifo kinapotokana na mapigano ya pande mbili, kosa linalostahili ni kuua bila kukusudia. Lakini lazima yawe mapigano kweli. Mmoja akiwa amelala chini hajiwezi na mwingine anaendelea kumkanyaga kichwa, mapigano yalikwisha zamani.

Kwa wanaotaka kuona kwa haraka:

| | Mauaji | Kuua bila kukusudia |
|---|---|---|
| Kinachothibitishwa | Tendo lisilo halali, kifo, na nia ovu | Tendo lisilo halali au uzembe mkubwa, na kifo |
| Dhamana | Hakuna | Inawezekana |
| Adhabu | Kifo, jaji hana chaguo | Hadi kifungo cha maisha, jaji anapima |
| Shaka kuhusu nia ikibaki | Mshtakiwa anashuka kwenda kosa dogo | Haihusiki |

Mstari wa mwisho wa jedwali una uzito. Anayepaswa kuthibitisha nia ovu ni Jamhuri, bila kuacha shaka ya msingi. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa kuua bila kukusudia hata kama hati ilisema mauaji. Na ajali tupu, isiyo na kosa wala uzembe wa mtu, haiingii upande wowote: siyo jinai.

Hasira: inapookoa na inapozamisha

Vifungu vya 201 na 202 vinakubali kwamba mtu anaweza kuchokozwa hadi akapoteza kujitawala. Aliyeua katika hali hiyo, ingawa kwa macho ya sheria angekuwa na kosa la mauaji, hushushwa hadi kuua bila kukusudia. Masharti ni magumu kuliko watu wanavyodhani. Uchokozi uwe kitendo kibaya au tusi ambalo lingemtoa kwenye hali yake mtu wa kawaida wa jamii ile anayotoka mshtakiwa. Uwe wa ghafla. Na aue kabla moyo haujapata muda wa kupoa.

Muda ndio unaowaponza wengi. Mume anayefungua mlango wa chumba chake Mbagala na kumkuta mwanamume mwingine kitandani, akashika kilicho karibu na kupiga hapo hapo, ana hoja ya kupeleka kwa jaji. Mume aliyeambiwa habari hizo saa nne asubuhi kijiweni, akanywa, akaenda kuazima panga kwa rafiki yake, akasubiri giza liingie, hana. Hasira anayo, na huenda ni kubwa kuliko ya yule wa kwanza, lakini sheria inauliza kama alikuwa na nafasi ya kurudiwa na akili. Nasisitiza pia kwamba hoja hii haimhalalishii mtu kitu. Hata ikikubaliwa bado ameua, na kifungo cha miaka mingi kinawezekana. Nimechoka kusikia wanaume wakizungumza kama kwamba fumanizi ni kibali.

Pombe nayo haimwokoi mtu kwa sababu tu alikuwa amelewa. Mahakama inaweza kuuangalia ulevi inapopima kama mtu aliweza kuwa na nia inayodaiwa, basi. Imani ya uchawi peke yake haitoshi kabisa: kuamini kwamba bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyekulogea mtoto hakukushushi kutoka kosa la mauaji.

Mwizi kakamatwa

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu katika mitaa yetu hili ndilo linalowapeleka vijana wasio na rekodi yoyote mbele ya Mahakama Kuu.

Sheria inakupa haki ya kujilinda. Vifungu vya 18 hadi 18C vinakuruhusu kutumia nguvu kulinda mwili wako, wa mwenzako au mali, na nguvu hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo pale unapoamini kwa dhati kwamba bila hivyo wewe au mwenzako mtauawa, mtajeruhiwa vibaya au kubakwa. Mtu aliyevunja mlango wako Tabata saa nane usiku ameshika panga, ukampiga nondo akafa, anaweza kuwa mtu ambaye kifo chake si kosa la jinai kwako. Ukizidisha nguvu kupita ilivyohitajika, kifungu cha 18B kinakuweka kwenye kuua bila kukusudia. Kwa hiyo kujilinda kuna matokeo mawili ya kufikiria: kuachiwa huru, au kosa dogo.

Lakini mwizi wa simu aliyekamatwa Kariakoo, akafungwa kamba, akakalishwa chini, hamtishii mtu tena. Kuanzia dakika hiyo hakuna cha kujilinda. Kila jiwe linalofuata ni shambulio dhidi ya mtu asiyejiweza. Tairi likiletwa na petroli ikamwagwa, hakuna jaji atakayeuliza kama aliyewasha alijua kwamba moto unaua.

Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni mtu mmoja asiye na jina. Kifungu cha 23 hakioni hivyo. Watu wakiwa na lengo moja lisilo halali, na katika kulitimiza kosa likatendeka ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya lengo hilo, kila mmoja anahesabiwa kulitenda. "Mimi nilirusha jiwe moja tu" si utetezi. Aliyeleta kiberiti, aliyeshika miguu, aliyepaza sauti "chomeni", wote wanaweza kusimama kizimba kimoja kwa mauaji. Siku hizi kuna jambo jingine: mtu anarekodi kwa simu, anatupia kwenye makundi ya WhatsApp, na video hiyo ndiyo inayowatambulisha majirani zake.

Aliyekuwa anapita tu akasimama kutazama hajawa muuaji kwa kutazama. Kuwapo peke yake hakutoshi, lazima kuwe na ushiriki. Tatizo ni kwamba katika msako wa kwanza polisi hukamata waliopo, na kuthibitisha kwamba ulikuwa mtazamaji kunaweza kuchukua muda mrefu ukiwa mahabusu. Ukimkamata mwizi, sheria inakuruhusu kumshikilia na inakutaka umkabidhi polisi bila kuchelewa. Mjumbe wa shina aitwe, kituo kipigiwe, na anayetaka kupiga azuiwe. Kijana anayejitokeza kusema "muacheni, tumpeleke kituoni" anawaokoa watu wengi kuliko huyo mmoja aliyefungwa kamba.

Kifo barabarani

Dereva aliyeua hupelekwa wapi? Mara nyingi si kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kinashughulikia kusababisha kifo au majeraha kwa kuendesha kwa namna ya hatari, na kesi yake husikilizwa na hakimu, kwa dhamana. Dereva wa daladala aliyepita pembeni kukwepa foleni ya Barabara ya Mandela akamgonga mwanafunzi, au aliyekimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, kwa kawaida atakutana na sheria hii. Uzembe ukiwa mkubwa kupita kiasi, shtaka la kuua bila kukusudia linawezekana. Na aliyemlenga mtu akamgonga kwa makusudi, gari limekuwa silaha yake, na anajibu mauaji kama aliyeshika kisu.

Familia za marehemu huumia sana zikiona hati ya barabarani, zinahisi damu ya ndugu yao imefanywa rahisi. Nawaelewa. Nawashauri wasiishie kwenye jinai: madai ya fidia dhidi ya mmiliki wa gari na bima yake ni shauri jingine, la madai, na halisubiri huruma ya mtu.

Mama na kichanga

Kifungu cha 199 kimetengeneza kosa la peke yake. Mwanamke aliyesababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12, huku akili yake ikiwa imeyumba kwa sababu hajapona vizuri athari za kujifungua au za kunyonyesha, hashtakiwi kama muuaji. Anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kinga hiyo ni ya mama mzazi tu. Baba, bibi au mwajiri aliyeshiriki hawaingii humo.

Binti wa kazi za ndani aliyejifungua peke yake chooni usiku, kichanga kikakutwa shimoni asubuhi, anapokelewa mtaani kwa mawe na matusi. Kabla ya kumhukumu, kuna maswali ambayo lazima yaulizwe. Mtoto alizaliwa hai? Kifungu cha 204 kinataka awe ametoka mwilini mwa mama akiwa hai ndipo ahesabiwe mtu anayeweza kuuawa. Alizaliwa amekufa? Basi kinachobaki kinaweza kuwa kuficha uzazi, kosa dogo kabisa ukilinganisha. Hali ya akili yake ilikuwaje? Hapo anahitaji daktari, na anahitaji haraka, kwa sababu daktari anayemwona mwaka mmoja baadaye anamkuta mtu mwingine. Kama ndugu zake wako mbali, Singida au Iringa, aliye karibu naye hata kama ni jirani tu amtafutie msaada wa kisheria. Mabinti hawa ndio wanaonikosesha usingizi.

Ugonjwa wa akili kwa ujumla ni hoja tofauti, na haimhusu mama mzazi pekee. Ikitolewa, mahakama humpeleka mshtakiwa kuchunguzwa, mara nyingi Isanga, Dodoma, na taarifa ya daktari husubiriwa. Ikithibitika kwamba wakati wa tendo hakujua alichokuwa akifanya, hafungwi wala hanyongwi kama wengine, hushikiliwa kama mgonjwa.

"Alifia Muhimbili, si mikononi mwangu"

Haisaidii. Kifungu cha 203 kinasema aliyejeruhi amesababisha kifo hata kama matibabu bora yangemwokoa majeruhi, na hata kama jeraha liliharakisha tu kifo cha mtu aliyekuwa tayari mgonjwa. Kikomo kipo kwenye muda: kifo kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu tendo. Ndiyo maana kesi iliyoanza kama ya kujeruhi inaweza kugeuka miezi kadhaa baadaye. Mkiwa na ndugu aliyeshtakiwa kwa kujeruhi, fuatilieni hali ya majeruhi.

Sheria pia inamgusa aliyeacha kutenda. Anayemtunza mtoto, mgonjwa au mzee asiyejiweza na akamnyima chakula au tiba hadi akafa, anaingia kifungu cha 195 kwa uzembe wake. Akimnyima akijua kwamba atakufa, anaweza kuingia cha 196.

Kuyamaliza nyumbani

Wazee wa pande mbili hukaa, ubani hutolewa, watu wakasameheana. Familia za Kiislamu huniuliza kuhusu dia, yaani fidia ya damu. Kusameheana ni jambo jema na ninaliunga mkono, lakini kesi ni ya Jamhuri, na familia ya marehemu haiwezi kuifuta. Katika kuua bila kukusudia, suluhu hiyo inaweza kutajwa kwa jaji wakati wa kupunguziwa adhabu. Katika mauaji haina pa kuingia, kwa kuwa kifungu cha 197 kimemfunga jaji mikono. Waliosalimika na kitanzi kwa sheria yenyewe ni mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa.

Kukiri kosa dogo, au kupigania yote?

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote. Mbele ya Mahakama Kuu mshtakiwa wa mauaji anaweza kukana mauaji na kukiri kuua bila kukusudia, na Jamhuri ikikubali, shauri linahamia kwenye adhabu. Mwongozo wa utoaji adhabu unaotumika sasa unagawa kosa hili kwa uzito: la juu ni miaka 10 hadi maisha, la kati miaka 4 hadi 10, la chini halizidi miaka 4 na linaweza kuishia kuachiwa kwa masharti. Kukiri mapema kunapunguza, na muda aliokaa mahabusu huzingatiwa.

Upande wa pili wa mizani ni kifo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania haijanyonga mtu, na watu hujipa moyo kwa hilo. Lakini mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema kumlazimisha jaji kuitoa kunakiuka haki ya kuishi, na bado majaji wetu wanaitamka. Kuishi miaka kwenye selo ya wanaosubiri kunyongwa si jambo la kuliwekea dau.

Ushauri wangu ni huu. Kama kweli alipiga, kulikuwa na ugomvi wa pande mbili au pigo moja, na mashahidi wapo, kukiri kosa dogo ndiyo njia ya busara, na wakili alipendekeze mapema bila kungoja shahidi wa kumi. Kama alikuwa anajilinda na ushahidi wa hilo ni mzuri, asikubali haraka: anaweza kustahili kutoka huru, na woga wa mahabusu usimfanye abebe kosa. Kama hakuwapo kabisa, au alikuwapo akitazama, asikiri chochote, hata kama askari au ndugu wanamwambia "kubali tu uwahi kutoka". Na kama ushahidi unaonyesha silaha, vitisho na mapigo mengi, Jamhuri huenda isikubali ombi hilo, hivyo familia ijiandae kwa kesi kamili badala ya kuuza kiwanja kumpa mtu anayeahidi "kuongea na wakubwa".

Wakili si lazima mumlipe. Kwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa wakili kwa gharama za Serikali. Mtafuteni kabla ya siku ya kusikilizwa, mpelekeeni majina ya mashahidi, picha za eneo, fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali) kama naye aliumia, na vyeti vya hospitali. Mawakili hawa hupewa jalada wakati mwingine siku chache kabla, na hawawezi kujua kwamba fundi cherehani wa jirani aliona yote kama hakuna aliyewaambia.

Kabla hajakiri, aulizwe na wakili wake, kwa Kiswahili cha kawaida, nini hasa anachokubali. Aliyekiri kosa hana tena rufaa ya kupinga kutiwa hatiani, ila kuhusu adhabu tu. Aliyepigania kesi na kushindwa ana siku 30 tangu hukumu kutoa taarifa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani, na akiwa gerezani taarifa hiyo hupitia kwa mkuu wa gereza. Mumtembelee ndani ya wiki ya kwanza mhakikishe amesaini.